Mashimo Saba ya Mikaratusi

Wiki iliyopita nilipita kwenye avenue yetu, mtaa wetu wa zamani hapa Goma, nikakuta watoto wakipiga mpira kwenye ukuta mrefu wa mawe meusi. Nilisimama. Keti kidogo nikueleze, maana ukuta huo umejengwa ndani ya kiwanja cha bibi yangu.

Kwanza uelewe jinsi lava inavyofanya. Volkano ilipotapika tulikimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, na tuliporudi mtaa wote ulikuwa jiwe. Jiwe bado lilikuwa na joto; kandambili zilinata, na harufu ya kiberiti iliingia hata kwenye sombe, mboga yetu ya majani ya mihogo. Bibi alianika mihogo juu yake, nyumba yake ikiwa chini yetu. Sasa, lava ikizunguka mti mbichi, huganda kabla mti haujamaliza kuungua. Mti unakuwa majivu, shimo linabaki. Babu alikuwa amepanda mikaratusi saba kwenye mpaka wetu na jirani. Palibaki mashimo saba ya mviringo, yamenyooka kama mstari wa daftari.

Jirani huyo alikuwa na malori, na waasi walioshika mji walikunywa bia kwake. Kiwanja chake kilikuwa mara nne ya chetu. Alirudi na karatasi mpya yenye muhuri, akidai kwamba hata chetu kilikuwa chake tangu zamani. Karatasi ya bibi iliungua na nyumba. Kwa hiyo bibi alimwomba mkuu wa avenue, tuliyemwita chef, aje Jumamosi aone mpaka. Sisi watoto hatukuambiwa mpaka utatambuliwa kwa alama gani.

Siku ya Jumatano jirani alituita. Alishika mpira wa ngozi, wakati sisi tulichezea wa mifuko na kamba.

"Batoto, hii balo ni yenu. Lakini mujaze kwanza ile mashimo, mutavunja miguu."

"Aksanti, papa."

Tulijaza kwa changarawe, tukishindana. Mimi peke yangu nilijaza matatu. Kesho yake wafanyakazi wake walimwaga saruji juu, eti tupate uwanja mzuri.

Ijumaa tulikuwa darasani. Siku zile mambo ya nchi yetu hayakusemwa kwa sauti, basi mwalimu alitueleza habari za nchi moja ndogo ya mbali, ambayo jirani yake mkubwa anadai kipande kikubwa cha ardhi yake.

"Mukubwa iko na jeshi," alisema. "Ule mudogo iko na nini?"

"Iko na mbio, mwalimu," mmoja alijibu, na darasa zima likacheka, maana sote tulikuwa tumetoka kukimbia.

Mwalimu naye alitabasamu. "Iko na alama. Muto, jiwe, mustari wa miti. Alama ikipotea, anabaki na mudomo tu."

Nilitazama kucha zangu. Zilikuwa bado na vumbi jeusi. Sidhani kama kuna mwanafunzi aliyeelewa somo lile kuliko mimi.

Jumamosi mkuu wa avenue alifika. Jirani alikuja na askari wawili. Bibi alitembea hadi mahali pa mti wa kwanza, akasimama juu ya saruji, akageuka huku na huku kama mtu aliyepoteza ufunguo.

"Papa chef, ilikuwa hapa. Iko saba."

"Mama muzee, mimi naona saruji."

"Ni uzee, chef," jirani alisema. "Volkano ilichoma mpaka akili." Askari walicheka.

Mkuu hakuwa mtu mbaya. Alinigeukia. "We mutoto, unachezaka hapa. Ulionaka mashimo?"

Neno moja lingetosha. Wangevunja saruji na kuangalia. Nilitazama bunduki, kisha nikamtazama bibi. Yeye alikuwa anatazama kucha zangu.

"Muache mutoto, chef," alisema. "Hajui kitu."

Nami nikaficha mikono mgongoni.

Kiwanja kikabaki kwa jirani, nasi tukahamia Rutshuru kwa shangazi. Huko bibi aliuza maharage, na huko alizikwa. Kwenye avenue yetu hakuna tena mkaratusi hata mmoja, na watoto wa leo hawaamini ukiwaambia kuna nyumba chini ya nyumba zao. Miaka yote ile, kila nilipoketi naye kuchambua maharage, nilisubiri aniulize habari za mashimo yale. Jibu nilikuwa nalo tayari. Yeye aliniuliza tu kama nimekula.