Mwili Ule Haukuwa Wangu

Naitwa Imelda, ni mwanachuo hapa Ifakara. Kwetu ni Kiberege, wazazi wangu wanalima mpunga. Kabla ya haya nilikuwa mzima: nakula vizuri, nalala, naimba sauti ya kwanza kwenye kwaya ya parokia.

Siku moja niliona ujumbe wa rafiki yangu Joyce kwenye simu: "Kuna namba imetumwa kwako kimakosa, nirushie." Nikaituma. Kumbe aliyeandika hakuwa Joyce. Akaunti yake ilikuwa imeshaibwa, na kwa namba ile ikaibwa na yangu. Jioni hiyo kundi la darasa na kundi la kwaya yakapokea, kwa jina langu, picha ya mwanamke aliye uchi. Sura ilikuwa yangu.

Kesho yake tumbo likaanza kuwaka moto. Chakula kikishuka, kinarudi. Nikajifungia chumbani kwangu, Kibaoni nilikopanga. Nywele zikawa zinabaki kwenye kitana, siku zangu za mwezi zikakata. Sikumwambia mtu. Mwishowe, baada ya wiki kadhaa, nikatapika damu, nikaanguka. Mama mwenye nyumba alivunja mlango, akanipeleka hospitali.

"Ni vidonda vya tumbo," daktari alisema. Akaniwekea dripu, kisha akauliza, "Binti, kuna jambo linakusumbua?" Nikageukia ukutani.

Mama yangu alifika na basi la asubuhi. Alikuwa ameshaiona picha, jirani alimwonyesha. Akakaa kitandani, akalivuta gauni langu begani.

"Hapa ulimwagikiwa na uji wa moto ukiwa mdogo. Yule wa kwenye picha kovu lake liko wapi? Mwili huu nimeuogesha mimi, Imelda. Ule si wako."

Nililia mpaka nesi akaja. Mchana nikala wali laini kidogo, ukakaa tumboni.

Tulikwenda polisi, dawati la jinsia, tukaeleza kuwa sura yangu ilibandikwa kwenye mwili wa mwingine. Joyce alieleza yaliyompata, akayaandikia na makundi yote mawili. Akaunti niliipata tena. Aliyefanya bado hajakamatwa. Dawa nilimaliza, nywele zimeota. Wapo wanaonikodolea macho nikipita. Nawaachia macho yao.

Namshukuru Mungu, mama yangu, na yule mama wa Kibaoni. Ninyi wanafunzi, namba ya siri ikiingia kwenye simu yako usimpe mtu, hata rafiki. Mpigie kwanza usikie sauti yake. Na likikufika, usinyamaze kama mimi. Sema ungali na nguvu ya kusema.