Kitunguu cha Shangazi Odeta

Jovina wa Kasulo alizaliwa na uso unaocheka, na hakuna aliyemuuliza kama anautaka. Mdomo wa juu mfupi, meno nje saa zote, na akihuzunika ndipo mashavu yanapopanda zaidi. Shuleni alichapwa kwa kumcheka mwalimu Elick, na kadiri fimbo zilivyomuuma ndivyo alivyoonekana anafurahi, basi akaongezewa mbili. Misibani walimficha jikoni amenye ndizi, wafiwa wasije wakatafuta ugomvi.

Uso huo ulimfaa mahali pamoja tu: mpakani Rusumo, alikouza mananasi kwenye foleni ya malori. Madereva walinunua wakidhani wamependwa. Utingo mmoja wa Biharamulo, Danstan, alirudi mara tatu kumuuliza anamchekea nini. Mara ya nne akaleta washenga. Wanaume jamani!

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Kwao binti anayeolewa havuki kizingiti cha mama yake bila kulia. Akitoka na macho makavu, majirani watasema alikuwa amechoka na nyumbani, na aibu yote itamwangukia mama. Na Jovina alimpenda mama yake, Restuta, kuliko kitu chochote. Usingizi ukampaa.

Shangazi Odeta akajitwika kumfundisha kulia. Siku tatu walishinda nyuma ya jiko.

"Mfikirie yule mbuzi wako aliyegongwa na lori."

"Nimemfikiria, shangazi."

"Mbona unacheka?"

"Sicheki. Nimehuzunika hivi."

Odeta akaubana mdomo ule kwa vidole viwili. Alipoachia, meno yakarudi barazani. Mwishowe akakata shauri: atashika kitunguu ndani ya kitenge, na wakifika kizingitini atakipasua puani kwa bibi harusi. Siri hiyo alimwambia jirani mmoja tu, Speciosa, na kesho yake ilikuwa imefika Nyakanazi.

Siku yenyewe uani palijaa, na kila jicho lilikuwa kwenye uso wa Jovina. Alipokaribia kizingiti, alimwona mama yake akitungua kikombe cha bati msumarini, kile Jovina alichonywea uji tangu utotoni. Restuta akakifuta kwa pindo la kanga, akakitia kwenye begi la binti yake. Msumari ukabaki mtupu.

Jovina akashindwa kujizuia. Machozi yakamporomoka mpaka kwenye shela, na mashavu nayo, kama kawaida yao, yakapanda hadi karibu na masikio.

"Anacheka!" mtu akapaza sauti.

"Na hayo machozi ni ya kitunguu!" Speciosa akadakia.

Odeta akageuka kwa hasira, akauchomoa mkono kitengeni na kuufungua mbele ya watu wote. Kitunguu kilikuwa kizima, hata ganda halijaguswa.

Kisha Speciosa mwenyewe akaangua kilio kikubwa kuliko cha bibi harusi, ikabidi atafutiwe kiti.

Restuta akamfuta mwanawe uso taratibu, shavu moja kisha jingine. Halafu akamgeukia Danstan, aliyekuwa amesimama kando na suti yake ya kuazima, hajui acheke au alie.

"Mkwe wangu," akamwambia, "ukimwona anacheka, muulize kwanza."