Mawimbi Niliyoyatunga

Mwezi uliopita nilikuwa kwenye boti ya kwenda Dar es Salaam. Mama mmoja aliyekaa jirani yangu alitoa ndimu mkobani, akaikwaruza ganda kwa ukucha, akaiweka puani. Ndiyo dawa yetu ya kichefuchefu cha bahari, wala si jambo la kumshangaza mtu. Lakini harufu ile iliponifikia, nililia. Mama wa watu akadhani nami nimeanza kuchafukwa na moyo, akanipa ndimu ya pili. Niliipokea. Nilishindwa kumwambia kwamba ninachougua ni uongo niliousema nilipokuwa na miaka kumi.

Wakati huo nilikuwa nikiishi Mji Mkongwe na bibi yangu, Bi Mgeni, kwa sababu wazazi wangu walifanya kazi hotelini Uroa na walikuja Ijumaa kwa Ijumaa. Bibi alikuwa mkali wa ulimi na mzito wa masikio. Redio yake ilikaa juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama bibi harusi. Taarifa ya hali ya hewa ya mchana ilikuwa kazi yangu. Bibi alisema watangazaji wanazungumza kama wanaofukuzwa, kwa hiyo mimi nisikilize, kisha nimsimulie taratibu sikioni. Nilijivunia kazi hiyo. Nilikuwa sijavuka maji hata siku moja, lakini nilijua kwamba nyanda za juu kuna baridi ya kuuma mifupa na ukungu asubuhi, na kwamba huko ziwani kuna ngurumo, wakati sisi kipupwe chetu tunakimaliza kwa sweta moja.

Bibi alikuwa na mdogo wake mmoja tu, Bi Rukia, aliyeolewa Lushoto, kule milimani Tanga. Walikuwa hawasemezani tangu mama yao alipofariki. Bi Rukia hakufika mazikoni. Alileta habari kwamba mvua za masika zimekata barabara ya mlimani na magari hayashuki. Bibi hakukubali.

"Mvua!" alikuwa akisema. "Mama hafi mara mbili. Anayetaka kufika hufika, hata kwa magoti."

Kila masika aliirudia kauli hiyo, mpaka nami nikaihifadhi.

Mwaka huo, kipupwe kikielekea ukingoni, ikaja simu: Bi Rukia yu mgonjwa sana, na anamtaja dada yake. Bibi akaanza kukunja nguo. Alifunga ndimu sita kwenye leso. Akanunua doti ya kanga ya kumpelekea mdogo wake.

"Nnakwenda kumtaka radhi," akasema. "Nshakuwa mkaidi vya kutosha."

Ila bahari aliiogopa kuliko nyoka. Akanikalisha mbele ya kabati la redio. "Sikiliza vizuri, mwanangu. Kukiwa shwari, kesho nnaondoka."

Sasa nikwambie jambo la aibu, msomaji wangu. Ijumaa ya wiki ile kulikuwa na maulidi ya madrasa yetu, na mimi nilikuwa nimechaguliwa kuongoza kasida. Nilishonewa nguo nyeupe. Nilitaka Bibi akae mbele, anione. Ni hilo tu, halikuwapo jengine.

Mtangazaji alisema upepo wa wastani na mawimbi madogo. Nikaliinamia sikio la Bibi.

"Bahari imechafuka, Bibi. Mawimbi makubwa. Na huko Lushoto ukungu, magari hayaonani."

"Kweli?"

"Naam, Bibi."

Dirisha letu lilitazama ukuta wa jirani, bahari hatukuiona. Siku ya pili nikasema vilevile. Siku ya tatu nikaongeza kwamba boti zimezuiliwa bandarini, na wala hakuna aliyenituma kuongeza. Ndimu zikaanza kusinyaa ndani ya leso.

Ijumaa nilisoma kasida, na Bibi alikaa mbele kabisa. Nilisoma vizuri, hilo nalo linaniuma. Tuliporudi nyumbani alasiri, tulimkuta baba yangu mlangoni, kofia mkononi.

"Mama," akasema, "Bi Rukia katutoka."

Nilingoja Bibi anigeukie. Akanigeukia kweli, akanikumbatia. "Bahari ilinizuia," akasema huku akilia. "Na yeye barabara ilimzuia kweli, maskini. Nilimdhulumu mdogo wangu."

Basi kuanzia siku ile alimsamehe Bi Rukia mbele ya kila aliyekuja kutoa pole, na shahidi wake nilikuwa mimi. "Huyu ndiye aliyeisikiliza redio," alisema, akinishika kichwa. Nami nilikitoa kichwa, kishikwe.

Kwanza nilinyamaza kwa kuogopa fimbo. Nilipokua nikanyamaza kwa sababu nyengine: nikimwambia, nitakuwa nimemwambia kwamba njia ilikuwa wazi naye akakaa nyumbani kuangalia maulidi.

Miaka mitatu iliyopita Bibi alilala kitandani, hakuinuka tena. Mchana mmoja wajukuu tulimtaka radhi, mmoja mmoja. Ilipofika zamu yangu, kosa sikulitaja.

"Nimekuridhia, mwanangu, duniani na akhera," akasema. Kisha akafumbua macho. "Leo redio inasemaje?"

"Shwari, Bibi. Hata mlimani hakuna ukungu."

"Basi nipe ndimu zangu."

Redio siku hiyo ilikuwa haijawashwa.

Zamani niliamini kwamba nikipata radhi ya Bibi nitapumua. Nimeipata, na sipumui. Utotoni niliona kwamba niliyemdanganya ni mmoja, yule aliyeketi mbele yangu. Imenichukua miaka kumwona wa pili, aliyelala Lushoto siku tatu akisikilizia mlango, bahari ikiwa shwari. Kwake yeye sijataka radhi, na hayupo wa kunipa. Yupo binti yake kulekule Lushoto, na kwake ndiko nilikokuwa nikienda. Ile doti ya kanga, ambayo Bibi hakuifungua maisha yake yote, ilikuwa mapajani mwangu kwenye boti, pamoja na ndimu ya yule mama.

Asubuhi ile kabla ya kutoka nyumbani sikusikiliza taarifa ya hali ya hewa. Anayetaka kufika hufika.