Hafidh Mwembamba na Ngazi za Xiaobei

GUANGZHOU. Saa tatu asubuhi, lifti ya mizigo imegoma tena. Mlinzi wa jengo anatikisa mkono. "Meiyou," anasema, yaani hakuna. Kisha anachukua kiti chake mwenyewe, anaegemeza nacho mlango wa ngazi usijifunge, na kubaki amesimama.

Hafidh Mbarak anashuka kutoka ghorofa ya sita na robota la suruali za jinzi begani. Nyuma yake anakuja mwenzake, Heriel, mnene wa shingo na tumbo, naye na robota lake.

"Pisha, kijiti," anasema Heriel.

"Tangi la maji halipishwi, linasubiri zamu," anajibu Hafidh bila kugeuka.

Kwenye ghorofa ya tatu, juu ya ndoo iliyopinduliwa, ameketi mwanamke wa makamo anayejipepea kwa ncha ya mtandio. Ni Bi Fathiya, mfanyabiashara wa Kariakoo. Amekuja China kununua mapazia, na pia kumtazama Hafidh. Yeye ni shangazi wa Lulu, mchumba wa Hafidh, na neno atakalorudi nalo Dar es Salaam ndilo litakaloamua kama kuna harusi au hakuna.

Hafidh ana miaka ishirini na tisa na ni mzaliwa wa Tanga. Alifika Guangzhou mwaka juzi, 1997. Kazi yake ni kukusanya mizigo ya wateja kutoka kwenye maduka ya jumla kando ya barabara ya Huanshi Zhonglu, kuifunga na kuipeleka stoo ya wakala anayeisafirisha nyumbani. Siku ya kazi nyingi hupata yuan arobaini. Siku nyingine hurudi na chai tu tumboni.

Alipoondoka Tanga alikuwa na mashavu. Ngazi za Xiaobei, mtaa huu wa maduka ya jumla, zimeyachukua.

"Nilituma picha nyumbani nikiwa nimefurahi," anasema. "Mama yake Lulu akalia. Mjomba wake, Mzee Jaffari, akasema mtoto haolewi na mgonjwa."

Hakuna aliyeutaja ugonjwa wenyewe kwa jina. Miaka hii, mtu akikonda, watu hushusha sauti.

Hafidh akaona atumie akili. Akaazima koti kwa mteja, akavaa majaketi matatu ya dukani chini yake, akapiga picha nyingine.

"Hiyo ndiyo iliyotumaliza," Bi Fathiya anadakia kutoka kwenye ndoo yake. "Uso wa mtu mmoja, mwili wa mtu mwingine. Tukasema sasa amevimba."

Harusi ikasimamishwa.

Ndipo Heriel alipompeleka kwenye zahanati moja ya jirani, ambako daktari, mama wa Kichina, anazungumza Kiingereza kidogo. Hafidh anakumbuka kwamba kabla ya kumsikiliza kifua, daktari huyo alikishika kwanza chombo chake kiganjani, kipate joto.

Walipimwa wote wawili. Daktari alichukua uzito kwa kilo, akaugawa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Hafidh, kilo hamsini na tisa kwa urefu wa mita moja na sentimita sabini na sita, akapata kumi na tisa. Kawaida, ingawa karibu na mpaka wa chini. Heriel akapata thelathini na tatu. Kupita kiasi.

"Nilimwambia daktari, basi mimi ndiye mgonjwa, na huyu ndiye anayekataliwa mke," anasema Heriel.

Daktari akacheka, kisha akawapandisha ngazi za zahanati mbio na kuwashika mapigo ya moyo. Moyo wa Hafidh ulitulia upesi. Wa Heriel ulikawia kidogo, lakini haukuwa moyo wa mtu aliyechoka. Hafidh alipimwa na damu pia, ikaonekana salama. Heriel alikutwa na shinikizo la damu lililoanza kupanda, akaambiwa apunguze mafuta na chumvi.

"Alisema ile namba inamwonyesha nani amuulize maswali zaidi," Hafidh anaeleza. "Lakini haijui miguu yangu inabeba nini, wala pumzi yangu inafika wapi."

Alipiga simu Dar es Salaam siku hiyohiyo. Mzee Jaffari akapokea.

"Mzee, nimepimwa. Nimepata kumi na tisa."

"Kumi na tisa kati ya ngapi?"

Hafidh akajaribu kueleza kugawa na kuzidisha hadi salio la simu likaisha. Alipotaka kutuma vyeti vya damu, aliambiwa vyeti vinanunuliwa.

Leo Bi Fathiya ameamua kumfuata kazini. Alikusudia kufika ghorofa ya sita, akaishia ya tatu. Katika safari yake ya kwanza ya kushuka, Hafidh akaweka robota chini, akatafuta ndoo, akaipangusa kwa shati lake, kisha akapanda tena kumletea maji kutoka duka la juu. Mkoba mzito wa sampuli wa Bi Fathiya aliushusha yeye, bila kuombwa.

"Unakohoa usiku, mwanangu?"

"Sikohoi, Shangazi. Nalala kama gunia."

Mchana wanakula wali kwenye kibanda cha Waislamu wa Kichina. Mwenye kibanda anamzidishia Hafidh wali kabla hajaomba, amemzoea. Bi Fathiya anahesabu vijiko kimya kimya, kisha anaacha kuhesabu. Sahani ya nyama ya kukaanga iliyo mbele ya Heriel anaivuta upande wake na kumsogezea mboga za majani.

"Na mimi, Shangazi, utasema nini nyumbani?"

"Nitasema ulikula mboga."

Baada ya chakula anaomba simu ya kibandani. Sauti ya Mzee Jaffari inasikika hadi meza ya pili.

"Amenenepa?"

"Hapana. Mwembamba, na mzima. Mimi nimeishia ghorofa ya tatu, shemeji yangu. Yeye ametoka ya sita na mzigo, akarudi juu kunitafutia maji, wala sikumsikia akihema."

"Basi aje baada ya Idi. Tumwone wenyewe."

Hafidh anainamia sahani, anafuta macho kwa mkono wa shati. Heriel anageukia barabarani, anajifanya anatazama magari.

Bi Fathiya atampiga picha nyingine kabla ya kuondoka. Amekataza jaketi. Anataka shati la kazi, na robota begani.

Nauli, Hafidh anasema, ameshaiweka nusu. Tayari kwenye stoo lipo kabati la milango mitatu atakalolisafirisha kwa ajili ya Lulu. Familia ya Lulu inaishi ghorofa ya nne, jengo halina lifti.

"Sitaita wachukuzi," anasema. "Nitamwomba Mzee Jaffari atangulie kunionyesha njia, na mimi nimfuate nyuma na kabati. Akichoka njiani, nitamngoja."