Bastola ya Upepo

Fundi Faraji Chilumba hapendi silaha. Nalisema hili mwanzo kabisa kwa sababu kijijini kwetu, ukipita Madimba kuelekea baharini, utaambiwa vingine, na watakaokuambia ni watu wazima na heshima zao. Faraji anapenda upepo. Ni fundi wa mashine za kupulizia dawa ya salfa kwenye mikorosho, zile za kubeba mgongoni, na sijawahi kumwona akifurahi kama pale anapoifufua mashine iliyokufa, akaweka kiganja kwenye mdomo wa bomba na kuusikia upepo umerudi. Hapo hutabasamu peke yake kama bwana harusi.

Mimi ni Sharifa, nakaanga vitumbua barazani mkabala na karakana yake. Ukoo wake na wetu ni watani, kwa hiyo nikimsema hapa asikasirike mtu. Nina haki hiyo tangu kwa mababu, naye siku ya kunizika atanifanyia vituko vyake mbele ya jeneza na ndugu zangu hawatakuwa na la kusema.

Bastola aliipata kwa kijana wa Kizungu wa mradi wa gesi aliyekuwa amepanga nyumba jirani. Kijana alipohamishwa alimwachia fundi boksi la vitu vibovu, asante ya kumtengenezea jenereta: feni, redio, pasi, na chini kabisa bastola nyeusi ya kuchezea, springi yake imechomoka. Kwao, alisema, watu wazima hukusanyika porini wakafyatuliana chembe za plastiki, kisha wakarudi nyumbani kula. Faraji alinieleza habari hiyo zaidi ya mara moja na bado haijaniingia. Watu wazima kabisa, wana kazi zao.

Lakini alivyoipenda! Alitandika kanga kuukuu ya mkewe Hawa juu ya meza, akaifungua kipande kwa kipande, akaniita niache vitumbua nije nione. Akanionyesha mfuniko wa juu unavyovutwa nyuma na kurudi kwa mlio wa chuma, magazini inavyochomoka kwenye mpini, kufuli ndogo ya pembeni inayokizuia kidole kisifyatue. Uzito wake ni wa kweli, akasema. Mtu ameweka kipande cha chuma ndani makusudi ili mkono udanganyike. Ila baruti hamna. Kuna springi, kuna pistoni, kuna kijimpira cha kuzuia hewa isivuje. Springi inasukuma pistoni, pistoni inasukuma upepo, upepo unasukuma chembe.

"Hii ni mashine yangu ya salfa, mtani," aliniambia. "Imevaa tu nguo za watu wabaya."

Springi mpya aliikata kutoka kwenye mashine iliyokufa. Mdomoni bastola ilikuwa na kipande cha rangi ya machungwa, cha kumwonyesha kila mtu kwamba ni ya kuchezea. Faraji alikichomoa ili asafishe bomba la ndani, akaona kinaenea vizuri kwenye chupa yake ya oili na oili inatoka kidogo kidogo kama anavyotaka. Hakukirudisha.

Msimu ule watu walikuwa wakiibiwa korosho zikiwa zimeanikwa. Mpita njia mmoja alimwona Faraji akiifuta bastola barazani, na kesho yake kijiji kizima kilijua fundi anayo. Wizi upande wetu ukakoma. Mwanzoni alikana. Alisema ni ya kuchezea, watu wakamkonyeza, wakasema sawa fundi, ya kuchezea. Kadiri alivyokana ndivyo walivyozidi kumheshimu. Kwenye mikutano akaanza kupewa kiti cha mbele, karibu na mwenyekiti. Mwishowe akachoka kukana, na mimi niliyekaa mkabala naye niliona kabisa ameanza kukipenda kile kiti. Simlaumu. Mtu ameinamia mashine chafu maisha yake yote, akiambiwa karibu mbele, atakwenda.

Kisha likaja tangazo. Kwa vile ng'ambo ya mto Ruvuma, nchi jirani, hakujatulia, kila mwenye silaha aipeleke ofisi ya kijiji Jumatano ikaguliwe na polisi. Atakayeficha atakamatwa.

Hapo ndipo kichwa cha Faraji kilipoanza kuzunguka. Asipokwenda, kijiji kizima kitamtaja na atalala mahabusu kwa kuficha silaha asiyokuwa nayo. Akienda, ataonekana mzee mzima anayemiliki mwanasesere, na kiti cha mbele kwaheri. Hawa alikuwa halali wala hali. Nilimsikia kutoka kwangu akimbembeleza.

"Baba Saida, itupe chooni yaishe."

"Nikiitupa, wakija kuniuliza niwaonyeshe nini? Choo?"

Faraji akavuka njia akaja kuniuliza mimi. Nikamwambia aende akaseme ukweli, aibu ya siku moja haijamuua mtu. Niliona jambo jepesi sana.

Jumatano tulijaa ofisini. Wawindaji walikuwa wameshalaza magobore yao mezani. Askari alikuwa Afande Godfrey, kijana mpole wa kutoka bara. Faraji akaifungua kanga aliyoifungia bastola. Watu wakarudi nyuma kidogo, wengine wakiwavuta watoto. Afande akaipima mkononi, akavuta mfuniko, akachomoa magazini, akanusa bomba. Akatabasamu.

"Mzee, hii ni ya kuchezea."

"Ndiyo, afande. Ni ya kuchezea."

Nilidhani tutacheka twende zetu. Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti akasimama, kwa adabu kabisa, akasema hapana, afande, fundi ana bastola, kila mtu hapa anajua. Mzee mmoja akasema yeye aliusikia mlio wake. Mwingine akasema aliyoiona yeye ilikuwa kubwa kuliko hiyo. Mama mmoja akaapa aliona moshi, na huyo mama namfahamu, hasemi uongo. Kila mmoja aliposema, Faraji alimgeukia na kumsikiliza kwa makini, kama naye anapata habari.

Tabasamu la afande likaisha. Akauliza, za kuchezea huwa na kipande cha rangi mdomoni, hii mbona haina?

"Kipo, afande," Faraji akasema. "Kipo kwenye chupa ya oili."

Watu wakaguna. Nami nikaona mtani wangu anakwenda mahabusu mchana kweupe kwa sababu amesema kweli. Roho iliniuma. Nikapita mbele nikamwekea kiganja puani.

"Nipige hapa."

"Itakuuma, mtani."

"Kiganja hiki kimekaanga vitumbua tangu hujaoa. Nipige."

Afande hakujua anizuie au aniache. Akamtazama mwenyekiti, mwenyekiti akamwambia ni mtani wake huyo, basi akairudisha bastola mezani. Faraji akarudishia magazini yenye chembe, akaishika bastola kwa mikono miwili, akafyatua. Ikalia kidogo tu, kama mtu aliyefunga kopo. Kiganja kikaniwaka kama nimeumwa na siafu. Kichembe kikadondoka, kuku wa mwenyekiti akakidonoa, akakitema.

Hapo watu wakacheka. Walicheka hadi wengine wakakaa chini. Hawa alicheka huku analia. Afande naye alicheka, akasema hajui kama sheria inamtaka airudishe au aichukue, ataenda kuwauliza wakubwa zake mjini, na kwa sasa inabaki pale pale ofisini. Faraji alikusanya kanga yake taratibu. Nilimwona anakitazama kile kiti cha mbele kwa mara ya mwisho, halafu akapumua, na nikafurahi kwa ajili yake, kwa kweli nilifurahi.

Tulikuwa tumefika mlangoni mwenyekiti alipomshika bega, bado anajifuta machozi ya kicheko.

"Haya, fundi, tumecheka vya kutosha," akamwambia kwa upole. "Sasa ile nyingine iko wapi?"

Kicheko kikakatika. Afande akageuka. Faraji, naapa, aliangalia upande wa nyumbani kwake, kama mtu anayejaribu kukumbuka kitu amekiweka wapi.

Na mimi, kiganja kikiwa bado kinaniwaka, niliangalia huko huko.