Siku Kumi na Mbili za Kukausha Tanuri

Jambo la kwanza mtu analoligundua kwa Shangazi ni nyusi zake: hana. Pale ambapo wenzake wana nywele, yeye ana vivuli viwili vyembamba. Siku ya sherehe mkwe wake humchorea nyusi kwa wanja, moja ikipanda juu kidogo kuliko nyingine, na Shangazi hushinda siku nzima akionekana kama mtu asiyeamini anachoambiwa. Ni mwoka mikate. Tanuri lake la kuni liko chini ya jengo la ghorofa moja, kwenye mtaa uliobonyea kama sahani, na wote humwita Shangazi, hata wale waliomzidi umri.

Nyusi zilitoweka miaka mitatu iliyopita, mafuriko yalipoingia mtaani kwa mara ya kwanza. Tanuri la matofali likilowa hunywa maji kama sifongo, na kwa macho huwezi kujua limekunywa kiasi gani. Mdogo wake wa kiume, fundi mwashi aliyelijenga, alikuwa anaondoka kwenda kazini mji mwingine. Alimwambia asiwashe moto mkubwa kabla ya wiki mbili. Shangazi alikaa siku nne. Wateja walikuwa wanauliza, mikono ilikuwa inamwasha, na matofali kwa nje yalikuwa makavu kama biskuti. Akajaza kuni, akawasha moto wa siku ya kazi, akainama kuchungulia. Maji yaliyokuwa yamejificha ndani ya tofali yakageuka mvuke, mvuke ukatafuta njia, na kishindo kikasikika hadi kwa kinyozi wa kona. Tao la tanuri likapasuka katikati. Ulimi wa moto ukamlamba uso.

Ngozi ilipona. Mdogo wake aliporudi na kuuliza kama alisubiri zile wiki mbili, alijibu kwamba alisubiri. Lilikuwa neno moja tu, lililotoka kinywani kabla hajalipima. Mwashi hakuuliza tena. Alilijenga tanuri upya kwa mwezi mzima, kimya, huku mtaa ukimaliza hadithi wenyewe: fundi alikosea mchanganyiko. Shangazi hakusema hivyo, lakini pia hakukanusha. Tangu siku hiyo hakuna aliyempa mwashi kazi ya tanuri. Alijenga kuta na ngazi, na akipita mbele ya jiko la mtu hakuwa anaangalia ndani.

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mwaka huu redio ilipotangaza mvua kubwa, Shangazi alianza kujiandaa siku tatu kabla ya tone la kwanza. Magunia ya unga yalipandishwa ghorofani kwa fundi cherehani, mwanamume mmoja mzee asiyekuwa na mke wala haraka, ambaye alikubali kulala katikati ya magunia kwa sharti kwamba asiitwe mlinzi. Kalibu za mkate zilifungwa kamba na kuning'inizwa darini. Chachu yake, ule unga uliochachuka ambao amekuwa akiulisha kila siku kwa miaka kumi na tisa, ilipanda ngazi ndani ya chungu chenye kifuniko, na fundi cherehani akaelezwa mara tatu namna ya kuilisha: kikombe kimoja cha unga asubuhi, kimoja jioni. Mwashi naye alipanga viroba vya mchanga mlangoni, akaziba kila mwanya kwa udongo na nailoni. Ulikuwa ukuta wa kupigia picha.

Maji hayakujisumbua na mlango. Yalipanda kupitia tundu la kutolea maji machafu, nyuma kabisa, karibu na meza ya kukandia. Asubuhi ya Ijumaa yaliingia kwa utulivu kama mgeni mwenye ufunguo, na yalipotaka kutoka, viroba vya mwashi viliyazuia. Kufikia saa sita mchana barabara ya nje ilikuwa imekauka kiasi cha watu kupita na viatu, huku ndani kwa Shangazi maji yakiwa magotini. Fundi cherehani alichungulia kutoka ngazini akasema amekuwa akiomba bwawa la kuogelea kwenye jengo hili kwa miaka. Shangazi akachukua jembe akaubomoa ukuta ule mzuri, na mwashi akamsaidia, akisema kwa sauti ya mtu aliye mazikoni kwamba angalau imethibitika hauvuji.

Kazi ya ndoo ilichukua siku mbili. Mkwe, msichana mwenye mdomo mwepesi aliyeolewa katika familia hiyo mwaka jana tu, alisema waliotunga methali ya maji yakimwagika hayazoleki hawakuwahi kukabidhiwa ndoo. Walisugua, wakamwaga dawa, wakapangusa. Unga ulikuwa salama, kalibu zilikuwa salama. Lakini tanuri halipandi ghorofani. Chini ya sakafu yake kulikuwa na kitako cha mchanga na vipande vya chupa, kilichowekwa ili kitunze joto, na sasa kilikuwa kinatunza maji.

Jumapili, walipomaliza, alifika mtunza stoo wa shule ya bweni iliyo juu ya kilima. Shule ilikuwa mteja wake mkubwa. Bila mikate ya shule, tanuri lingewashwa siku mbili tu kwa wiki, na mkwe angelazimika kutafuta kazi kwingine. Mtunza stoo, mtu wa heshima zake, alitoa pole kwanza. Kisha akaeleza kwamba wanafunzi wanarudi Jumatatu ya wiki ya tatu, na asubuhi hiyo lazima wakute mikate mia mbili na arobaini mezani. Kiwanda kimoja cha mbali kiko tayari kuileta, ila kinataka mkataba wa mwaka mzima. Anahitaji jibu Jumamosi ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa, saa sita mchana. Shangazi alihesabu kwa vidole ndani ya mfuko wa aproni, asionekane. Akasema jibu atalipata siku hiyo, si kabla.

Jumapili hiyo na Jumatatu hakuwasha kitu. Aliacha mlango wa tanuri wazi. Jumanne, siku ya kwanza ya kukausha, akaweka kopo la mkaa lenye makaa matatu. Jumatano makaa matano. Alhamisi kijiti kimoja chembamba kama kidole. Kila asubuhi alichukua kioo kilichotoka kwenye fremu ya picha, akakishika juu ya mdomo wa bomba la moshi, akahesabu hadi mia moja. Kikishuka na ukungu, tanuri bado linatoa maji. Kikishuka safi, limekauka. Siku ya kwanza kioo kilitiririka. Siku ya nne kilikuwa cheupe. Siku ya sita kilikuwa bado cheupe.

Watu walipita wakitania. Kinyozi aliuliza kama Shangazi anaoka mkate au anaangua mayai. Mkwe alisema mvumilivu hula mbivu, sawa, lakini mkate haulingani na embe. Na siku ya sita hiyohiyo fundi cherehani alishuka akiwa ameshika suruali ya mteja kwa ncha za vidole, imefunikwa utando mweupe unaonuka kama bia. Alikuwa ameona chachu ina njaa, akaihurumia, akawa anaipa vikombe vinne. Ilikuwa imeinua kifuniko, imetambaa mezani na kushuka hadi kwenye cherehani.

"Mafuriko ya chumbani kwangu," alisema, "hayakutangazwa redioni."

Shangazi alicheka hadi akakaa chini, na ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu Ijumaa ya maji.

Mmoja tu hakutania. Mwashi alikuja kila siku baada ya kazi, akatazama kijiti kinachowaka ndani ya tanuri lake, akaondoka. Kwake yeye moto ule mdogo ulikuwa tusi. Kama tanuri la kwanza lilipasuka hata baada ya kusubiri wiki mbili, basi tatizo halikuwa maji, lilikuwa mkono wake. Na kama dada yake bado analilea la pili kama yai, basi hauamini mkono huo hadi leo. Hakuyasema. Lakini Jumatatu, siku ya saba, Shangazi alipokwenda kununua kuni kavu, mwashi aliingia na magogo manne, akayawasha.

Shangazi aliuona moshi akiwa bado mbali. Hakumwuliza mtu. Aliingia, akachukua reki ya chuma, akayavuta magogo yakiwa yanawaka hadi uani, na mkwe akayamwagia maji. Ndipo waliposikia ule mlio mdogo, kama ukucha unaokatwa. Juu ya plasta, upande wa kushoto wa mlango, ulitokea ufa mwembamba kama unywele, urefu wa shubiri moja.

Mwashi alisimama akiutazama. "Sema tu, Dada," alisema. "Mtaa mzima unasema. Unaogopa kazi yangu."

Shangazi aliiweka reki ukutani. Alikuwa na majibu mengi ya kumtuliza, na yote yalikuwa ya aina ile ile ya neno moja la miaka mitatu iliyopita.

"Kazi yako haikupasuka," alisema. "Niliipasua mimi. Uliniambia wiki mbili, nikawasha baada ya siku nne. Uliporudi nikakudanganya. Watu walipokusema nikanyamaza, kwa sababu kunyamaza kulikuwa rahisi."

Mkwe aligeuka akajifanya anatafuta ndoo.

Mwashi alikaa juu ya gunia tupu. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, na hilo ndilo lililomuumiza dada yake zaidi.

"Miaka mitatu napima mchanga na udongo kichwani," alisema. "Kila nikilala. Natafuta nilipokosea."

"Hukukosea."

Mwashi alichomoa penseli nyuma ya sikio, akachora mstari mfupi kwenye kila mwisho wa ufa, akaandika tarehe pembeni. Kama ufa ungevuka mistari, ungekuwa umeingia hadi kwenye tofali. Kama ungebaki ndani yake, ni plasta tu, na plasta hufa na kuzaliwa upya. Kisha akatoka bila kuaga, na Shangazi hakujua kama atarudi.

Alirudi kesho yake alfajiri, kabla ya kwenda kazini, akiwa na kijiti kimoja. Kuanzia siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa mkali. Alimkataza dada yake kuongeza hata gome, akamzuia mkwe kufunga mlango wa tanuri mapema, na akamwambia kinyozi kwamba kama hana kazi aende akanyoe. Jumatano kioo kilishuka na ukungu kwenye kingo tu. Alhamisi kilikuwa na doa moja lenye ukubwa wa sarafu. Ijumaa doa lilikuwa bado lipo, dogo, kaidi, na Shangazi hakuweza kula chakula cha mchana.

Jumamosi mtunza stoo alifika nusu saa kabla ya wakati, daftari kwapani. Fundi cherehani alishuka ngazi. Kinyozi aliacha mteja mwenye povu shavuni. Mtunza stoo alimgeukia Shangazi, akamwuliza atamjibu nini mkuu wa shule.

"Muulize aliyelijenga," Shangazi alisema, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. "Na lile la kwanza lilipasuka kwa haraka yangu mimi, si kwa mkono wake. Mkawaambie na wengine."

Mwashi alikuwa amekwisha kupanda kwenye kiti, kioo juu ya bomba, akihesabu polepole kama mtu anayelipwa kwa kila namba. Alipofika mia moja alikishusha, akakigeuza kwenye mwanga wa mlangoni. Kilikuwa safi. Akashuka, akainama kwenye ufa, akapitisha ukucha kutoka mstari mmoja wa penseli hadi wa pili. Haukuwa umetembea hata kidogo.

"Leta gari kesho saa kumi na mbili jioni," alimwambia mtunza stoo.

Lakini kioo hupima maji, hakipimi moto, na tanuri lilikuwa bado halijaonja moto wa siku ya kazi. Jumapili walianza asubuhi na kuni tano, kisha kumi, kisha zote. Masizi yalilifanya tao la ndani kuwa jeusi. Kisha, kuelekea saa sita, weusi ule ulianza kuungua na kuondoka wenyewe, matofali yakatokea meupe, kutoka katikati kwenda pembeni, na hakuna kilicholia. Mwashi alikuwa ameweka kiganja kwenye plasta muda wote kama daktari kwenye kifua cha mgonjwa.

Walikumba makaa nje. Walipangusa sakafu kwa kitambaa kibichi. Shangazi akarusha unga kidogo ndani. Ukabadilika rangi taratibu, ukawa wa kahawia bila kuungua, na hapo akajua joto linafaa. Mkwe alileta kalibu, themanini za mzunguko wa kwanza, na madonge yaliyoumuka kwa chachu iliyonenepeshwa na fundi cherehani, ambayo tangu apitishe kipimo ilikuwa na nguvu isiyo ya kawaida. Koleo refu la mbao liliingia na kutoka, likaingia na kutoka. Mlango ukafungwa.

Sasa wanasubiri. Imebaki robo saa. Mlangoni wamesimama watu ambao hawakuitwa, na fundi cherehani ameshaanza kuwapangia foleni ingawa mikate ni ya shule na hakuna anayeuziwa. Harufu imeanza, nyembamba kwanza, kisha nzito kiasi cha kumnyamazisha kinyozi. Mwashi ametazama saa mara tatu ndani ya dakika moja. Mkwe anasema mama afungue kidogo tu, achungulie. Shangazi, kitambaa mkononi, mkono juu ya mpini, anatikisa kichwa.

"Bado," anasema. "Aliyelijenga atasema lini."