Salamu Nitazisoma Nyumbani

Mwanangu, maana nyote vijana wa kwetu ni wanangu, salamu zangu utazikuta mwisho. Usije ukasema mama huyu Louisville imemharibu, amesahau adabu. Sijasahau. Nimeziweka mwisho kwa sababu ya barua moja tuliyoandikiwa nikiwa binti, na mwaka huu barua hiyo imeniokolea mtoto huko Buffalo.

Nakumbuka tulikuwa kambi ya wakimbizi, upande wa Kasulu, sisi Warundi, mimi sijaolewa bado. Moyo wangu ulikuwa na mlango mmoja usiofunga sawasawa. Hivyo ndivyo alivyonieleza daktari wa hospitali ya misheni, mama wa makamo, mpole, ila akikutazama huwezi kumdanganya. Tulimwita Mama Daktari. Kutoka kambini kulihitaji kibali, na kibali kilihitaji kubembeleza watu, kwa hiyo aliponiruhusu kurudi alinipa vidonge, akaniagiza nimwandikie hali yangu kila mwezi. Yeye angenijibu kwa posta kama vidonge niongeze au nipunguze. Barua zilipitia sanduku la parokia. Ndivyo wengi wetu tulivyotibiwa enzi hizo, na tulipona.

Sasa baba yangu alikuwa katekista, na kwa barua hakuwa na mpinzani kambi nzima. Watu walimletea karatasi na kalamu awaandikie ndugu zao, wakarudi makwao wanatabasamu. Barua ya daktari angemwachia nani? Alinawa mikono, akaketi, akaanza. Kwanza pokea salamu nyingi kutoka kwetu. Sisi huku ni wazima wa afya njema, hofu na mashaka ni juu yako uliye mbali nasi. Akamwulizia nyumba yake, mama yake mzazi, ng'ombe wake, maana tulisikia anafuga, na mvua za kwao. Ukurasa ukajaa. Akageuza karatasi, akashukuru kwa wema wote, na pale chini kabisa, herufi zimebanana kwa kukosa nafasi, akaandika kwamba binti pumzi inamsumbua kidogo. Wasalaam.

Kidogo! Nilikuwa silali, mwanangu. Nilikesha nimeegemea ukuta, kwa maana nikijilaza tu naona kama nazama majini. Lakini baba alipoisoma barua ile kwa sauti niliona kweli imependeza, nikashindwa kumharibia. Na tangu lini mtu akaanza na kulia mbele ya mtu anayemheshimu?

Jibu likaja. Nililisoma mara nyingi hata nikalikariri.

"Mzee wangu, barua yako ni nzuri kuliko zote nilizopata. Nimefurahi kusikia nyote ni wazima, nikabaki natafuta mgonjwa ni nani. Nimemkuta nyuma, chini, hana hata pa kupumulia. Siku nyingine pumzi yake ndiyo ianze. Salamu ziweke mwisho, nitazisoma nyumbani nikiwa nimetulia. Na binti anijibu mwenyewe: usiku analala, au anaketi? Akibonyeza mguu kwa kidole, shimo linabaki?"

Baba aliikunja barua, akaiweka magotini. Nilidhani amekasirika, maana hakuna aliyewahi kumrudishia kazi yake. Kisha akanisogezea kalamu.

"Andika wewe," akasema. "Mkono wangu mimi hauwezi kuanza na pumzi."

Nikaandika. Nalala nimeketi. Shimo linabaki. Basi, imekwisha. Niliona haya kumpelekea mtu mzima karatasi tupu namna ile, na baba aliifunga bahasha huku anatazama pembeni. Safari hii jibu halikupitia posta. Lilikuja na gari la hospitali, kibali changu kimeshagongwa muhuri, nikachukuliwa siku hiyohiyo. Nilipopata nafuu Mama Daktari aliniambia bila kuficha: kama tungemwandikia tena ile ya wazima wa afya njema, jibu lake lingekuta kaburi.

Miaka ikapita. Tukaletwa Marekani, moyo wangu ukafanyiwa ukarabati hapa Louisville, sasa naishi mtaa wa Highview na kelele zangu zote. Watoto wamenitawanyikia. Yohana yuko Columbus. Neema, kitinda mimba wangu, yuko Amherst, pale Buffalo, na kazi yake ni kutunza wazee. Mwaka huu alikuwa na mimba yake ya kwanza. Yohana akaja kunichukua, tukalala kwake Columbus, kesho yake tukaendelea hadi kwa Neema, mimi na sufuria zangu na unga wangu wa muhogo. Akanifungulia mlango amevaa kandambili za mumewe, viatu vyake havimwingii. Nikajua hapa kuna neno. Nilipomwuliza alinijibu kwa Kiingereza chake cha haraka kwamba yuko sawa.

Asubuhi ofisi ya daktari wake ikamtumia meseji kumwuliza anaendeleaje. Nilimwona anaandika, nikamwambia anisomee kwa Kiswahili. Alikuwa amesema anaendelea vizuri, anamshukuru sana daktari kwa kumjali, anamtakia wikendi njema yeye na familia yake, na kwamba kichwa kinamuuma kidogo.

Nilicheka mpaka Yohana akatoka jikoni kuja kuona kuna nini. Mtoto huyu hakumwona babu yake, na barua yenye stempu hajawahi kuandika, lakini ameandika barua ileile! Halafu kicheko kikaniisha. Nikapiga magoti mbele yake, nikambonyeza mguu kwa kidole. Shimo likabaki. Nikamwuliza kichwa kinauma namna gani, akasema hakijapoa tangu juzi, anaona vimulimuli machoni, na hakutaka kuwasumbua watu.

"Futa yote," nikamwambia. "Anza na kichwa."

Akafuta. Akaandika kichwa, vimulimuli, miguu kuvimba, basi. Chai haijapoa simu ikalia: njoo sasa hivi, usisubiri.  Yohana akashika usukani, mimi nyuma nimemshika Neema mkono, naomba kimoyomoyo na kuogopa, sikufichi. Hospitalini wakampima, presha imepanda vibaya; jioni yake walikuwa wameshamtoa mtoto, kasichana, kadogo kama mkate, lakini kana sauti ya kuita mtaa mzima. Mama yake naye presha ikashuka, akalala chali, nami nikamtazama alivyolala, nikalia kwa furaha.

Kuna jambo sijamaliza. Nilipopona kule kambini, baba alimwandikia tena Mama Daktari. Mstari wa kwanza: binti analala chali. Baada ya hapo akamwaga salamu zake zote, mbele na nyuma, maana alikuwa amezibana kifuani muda wote. Na Mama Daktari akajibu moja moja. Mama yake goti linamsumbua. Ng'ombe amezaa. Mvua zimechelewa ila zimekuja. Kumbe alizisoma kweli nyumbani. Baba aliizungusha barua hiyo kambi nzima mpaka ikachanika kwenye mikunjo.

Basi nakuusia, mwanangu. Ukiwa Highview, ukiwa Columbus, ukiwa Buffalo, sisi watu wa kwetu tuna ugonjwa huu wa kusema niko sawa. Anayekutibu mwambie kinachouma kabla ya neno lingine lolote, na usiseme kidogo kama si kidogo. Hutakuwa umemkosea adabu. Shukrani zako atazipata baadaye, na atazifurahia zaidi ukiwa hai. Hata mimi ukinipigia, usinianzie na uzima. Nianzie na kinachokuuma. Salamu nitazipokea nikiwa nimetulia.

Na sasa zako, kama nilivyokuahidi. Pokea salamu nyingi kutoka kwangu, kwa Yohana, kwa Neema na kasichana kake. Mungu akupe usingizi wa kulala chali, akupe miguu inayoingia kwenye viatu vyako mwenyewe, akupe na mtu wa kumwambia ukweli mapema. Sisi huku ni wazima wa afya njema. Safari hii ni kweli.